POMBE YA POSA: Mtu wa Kwanza Kunywa

Msomaji, wiki iliyopita Mzee Nsabimana alikuwa amekunja shingo kama kuku aliyechinjwa, mate yakimchuruzika kwenye koti lake la sherehe, na mwanawe Ndayisaba amesimama katikati ya wageni akitamka neno moja: sumu.

Neno hilo lilitosha. Wanaume wawili walimrukia Ininahazwe, mjane aliyepika pombe, wakamkunja mikono nyuma.

Kwa aliyekosa toleo lile, mambo yako hivi. Wageni kumi na mmoja walitoka Kitanga, Kasulu, wakaja Murungu, wilaya ya Kibondo, kumposa Akimana, binti wa mwisho wa Mzee Nsabimana. Kwa desturi, mwenye nyumba hunywa wa kwanza, mbele ya macho ya wageni, ili waone hawakuwekewa kitu. Ininahazwe aliteka pombe ya ndizi kutoka mtungini, akajaza kibuyu cha mzee, akamkabidhi. Mzee akanywa. Ndipo wageni wakaingiza mirija yao kwenye mtungi. Nusu saa baadaye mzee alilegea.

"Leteni mikono ya huyo mjane," alisema Ndayikeza, mdogo wake mzee.

Alitaka kuona kucha. Huko watu huamini kwamba muuaji wa kilabuni huficha sumu chini ya ukucha wa kidole gumba, kisha huichovya kwenye pombe anapokabidhi chombo. Ndayikeza alikwangua ukucha wa mjane kwa kisu cha nyama, akanusa ncha ya kisu.

"Inanuka."

"Inanuka ndizi," alisema Ininahazwe. "Nimekamua ndizi siku mbili. Ulitaka inuke sabuni ya harusi?"

Ndayikeza alifuta kisu kwenye gauni la mjane, pande zote mbili, taratibu. Kisha akampiga kofi.

Ndayisaba naye alikuwa amempanua baba yake taya, anammiminia maziwa mabichi, kwa kuwa wanasema maziwa huua sumu. Maziwa yaliingia kinywani yakatokea puani. Alipoona yanarudi, alimimina zaidi.

Pikipiki ilisimama uani. Aliyeshuka ni Vestina, muuguzi wa zahanati, na mkoba wake begani.

"Nani anamnywesha?"

"Mimi, sista."

"Toka hapo."

Alimlaza mzee ubavu, akajifunga kitambaa kidoleni, akachokonoa kinywa. Yalitoka maziwa yaliyoganda, ugali, pombe, na kipande cha nyama ambacho hakikuwa kimetafunwa. Mgeni mmoja aligeuka akatapika kwenye viatu vya mwenzake.

Vestina hakugeuka. Jicho moja lilikuwa kwenye saa yake, jingine kifuani mwa mzee. Mtu mzima hupumua mara kumi na mbili kwa dakika, au zaidi. Mzee Nsabimana alipumua mara sita. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Akamfunua kope. Mboni ya jicho ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa," alijibu Ndayisaba.

"Hata panado?"

"Baba yangu ni mzima, sista. Muulize yeyote hapa. Ameuawa na mwanamke huyo."

"Hajafa. Ukisema tena ameuawa nitakushikisha ndoo ya matapishi. Mtungi huu wamekunywa wangapi?"

"Sisi sote, kumi na mmoja," alisema Ndihokubwayo, baba mkubwa wa kijana anayeposa, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara.

"Nani mwingine anasinzia?"

Wageni walitazamana. Mmoja alibeua.

"Basi tatizo haliko mtungini. Nauliza mara ya pili. Mzee huyu anatumia dawa gani?"

Ndayisaba alikaza macho kwa dada yake. Akimana alikuwa kwenye mlango wa jikoni, kitenge cha posa kimemfunika mabega. Alijua. Nyumba nzima ilijua. Siku nne kabla, walikaa kikao wakakubaliana kwamba mbele ya watu wa Kitanga hakuna atakayetaja ugonjwa wa mzee, maana hakuna atakayeoa kwenye nyumba yenye ugonjwa ule. Akimana alikuwemo kwenye kikao. Alikubali kama wengine. Tusimpambe.

Lakini baba yake alikuwa anapumua mara sita. Aliingia ndani, akatoka na pakiti ya vidonge.

"Ni hizi, sista. Data, yaani baba, ana saratani. Ilianza kwenye tezi dume, sasa imefika kwenye mifupa ya mgongo. Anakunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni, ni mwezi wa nne huu."

Vestina alisoma pakiti. Mofini, dawa kali ya maumivu, ya aina inayotoka polepole kwa muda wa saa kumi na mbili. Juu yake kulikuwa na maandishi ya wino mwekundu, kwa Kiswahili: kisitafunwe, kisisagwe, kisinywewe na pombe.

"Na mkampa pombe."

"Alionja tu," alisema Ndayisaba. "Desturi."

Ndihokubwayo alisimama. "Saratani?"

"Ndiyo, baba," alisema Akimana.

"Na mlituacha tuweke midomo kwenye mtungi mmoja na watu wa nyumba hii."

"Haiambukizi," alisema Vestina.

Ndihokubwayo alitoa leso, akafuta ulimi, kisha akatema mate juu ya mkeka, hatua moja kutoka kichwani pa mgonjwa. "Pakieni vitu."

Na wakapakia. Kreti za soda. Mbuzi wa posa. Blanketi la mama mkwe lilivutwa kutoka chini ya miguu ya mzee, maana mtu alikuwa amemfunika nalo. Kulikuwa na gari moja tu uani, Noah waliyokuja nayo, na sehemu ya nyuma ambako mgonjwa angelala sasa alisimama mbuzi, anatafuna riboni.

"Nahitaji hilo gari," alisema Vestina. "Hospitali ni nusu saa. Wana sindano ambayo mimi sina."

"Limejaa."

"Mna mbuzi kwenye kiti."

"Gari la posa halibebi maiti, sista. Hata kwenu mnajua."

Dereva, kijana wa Kasulu mjini aitwaye Saady, alikuwa ameegemea mlango akitafuna kijiti. Hakuwa amekunywa. Aliutupa kijiti.

"Mzee Ndihokubwayo, mbuzi ashuke."

"Nimekukodi mimi."

"Umenikodi nibebe watu. Yule ni mtu. Huyu ni mbuzi. Nikosoe."

"Na sisi tutarudije?"

"Mna miguu. Au malizieni mtungi, nikirudi nitawakuta."

Akimana hakungoja jibu. Alimshika mbuzi pembe, akamvuta nje, akaingia yeye, akapokea kichwa cha baba yake mapajani. Mahali pale palikuwa na mavi ya mbuzi. Mzee alilazwa juu yake.

Vestina alimwambia Ndayikeza, "Huyu mama aachiwe. Mmeona dawa wenyewe."

"Dawa hizo amekunywa miezi minne," alisema Ndayikeza, "hajaanguka hata siku moja. Leo ameanguka kwa pombe ya nani? Atakaa hapa mpaka tujue. Ndugu yangu akifa, sista, hutamkuta huyu, na nyumba yake hutaikuta."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetoa ratiba.

Ndayisaba aliingia garini wa mwisho.

Njiani Vestina aliushika mfuko wa kupulizia pumzi, akaubana kila baada ya sekunde tano. Akimana alihesabu kwa sauti. Walipofika barabara kuu, mzee aliacha kabisa kupumua mwenyewe. Vestina hakumwambia mtu. Aliendelea kubana.

"Nyamaza," Vestina alimwambia Akimana alipoanza kulia. "Machozi hayana kazi humu."

Hapana, msomaji, nimekosea. Aliyekuwa akilia na kuambiwa hivyo si Akimana. Ni Ndayisaba. Akimana alikuwa ameshika hesabu, na hakupoteza hata namba moja.

*

Kwenye hospitali ya misheni aliwapokea tabibu wa zamu, Khatibu, mtu mrefu asiyependa maneno. Vestina alimpa habari kwa sentensi tatu. Khatibu alichoma sindano kwenye mshipa, akasubiri, akachoma tena.

Dakika ya pili mzee alivuta pumzi ndefu yenye mlio, kama anayetolewa majini. Akafungua macho.

"Data," alisema Akimana.

Kisha maumivu yakarudi. Sindano inayoifukuza mofini haichagui. Inaondoa hatari na nafuu kwa pamoja. Mifupa iliyokuwa imenyamazishwa kwa miezi minne ilizungumza yote mara moja. Mzee Nsabimana, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa ukimya, alilia mpaka mkojo ukamtoka.

Ndayisaba alisogea mbali na kitanda akifunika pua.

"Basi ameamka, dokta," alisema. "Tuandikie tuondoke. Pengine wale wageni bado wapo."

"Haondoki."

"Si umemwona? Anaongea."

"Sindano yangu inafanya kazi saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu. Hivyo vidonge vimetengenezwa kwa saa kumi na mbili. Sindano itaisha, dawa itakuwa bado iko ndani. Ukimchukua sasa, atalala njiani, nawe utafurahi kwamba amepata usingizi. Amemeza vingapi?"

"Kimoja. Cha asubuhi, kama kawaida."

Khatibu alimimina vidonge kwenye trei ya chuma. Pakiti ilikuwa na tarehe. Mzee alipewa vidonge sitini, siku tisa zilizopita. Kumi na vinane kwa siku hizo, na kimoja cha asubuhi ya leo. Vingebaki arobaini na kimoja. Alivipanga kwa safu za vitano, bila haraka, huku Ndayisaba akitazama kila safu.

"Thelathini na vitano," alisema Khatibu. "Sita viko wapi?"

"Labda panya."

"Panya hafungui pakiti kwa kidole gumba."

"Dokta, mimi sikai na hizo dawa."

"Unakaa nazo, kaka," alisema Akimana. "Ufunguo wa kabati unao wewe."

Ndayisaba alivuta kiti. Kwa muda alikuwa anakwangua udongo kwenye soli ya kiatu chake kipya.

"Asingeweza kukaa," alisema hatimaye. "Mnamjua. Hakai dakika ishirini bila kuguna. Posa huchukua muda wa saa tatu. Wangeuliza ana nini. Nikasema aongezewe kidogo, akae wima mpaka waondoke."

"Sita ni kidogo?"

"Vinachelewa vile. Nikavisaga ili viwahi."

"Ulivisaga kwa kitu gani?"

"Kinu cha kitunguu saumu. Nikaweka unga kwenye kibuyu chake kabla hakijajazwa. Kwa maji angekataa. Kwa pombe ya posa hawezi kukataa, lazima anywe wa kwanza."

Kitandani mzee aliendelea kulia.

"Maandishi mekundu yanasema nini?" aliuliza Khatibu.

"Visisagwe."

"Uliyasoma?"

"Mimi ndiye niliyemsomea baba. Hajui kusoma."

"Na pombe?"

"Imeandikwa pia."

Khatibu alieleza mara moja tu, na alimwelekea Akimana, si kaka yake. Kidonge cha polepole ukikisaga, dawa ya saa kumi na mbili inaingia yote kwa mpigo. Mofini ikizidi inausinzisha ubongo mpaka unaacha kuagiza mapafu yapumue. Pombe inafanya vilevile. Zikikutana, mtu hapigi kelele wala harushi miguu. Anakoroma, na watu wanapita pembeni wakidhani amelewa.

"Na ulipomwona anakata pumzi," Akimana alimwambia kaka yake, "ukasema sumu."

"Ningesema nini mbele ya watu wa Kitanga?"

"Ulimtazama Ininahazwe anapigwa kofi."

"Ni kofi moja, Akimana. Atapona."

Vestina, aliyekuwa ananawa mikono kwenye beseni, alifunga bomba, akamtazama Ndayisaba kama mtu anavyotazama kitu alichokiokota kwenye kidonda. Kisha akafungua bomba, akanawa upya.

Ikawa kama Khatibu alivyosema. Dakika hamsini baada ya sindano, kilio cha mzee kilipungua. Ndayisaba alisema afadhali. Khatibu alitazama kifua. Pumzi kumi. Pumzi nane. Pumzi saba, na kope zinashuka.

Alichoma tena, safari hii akaning'iniza na dripu, dawa ileile, tone kwa tone. "Hii itaenda mpaka kesho," alisema. "Atabaki hapa katikati, asilale moja kwa moja wala asiteseke kupita kiasi. Akifika pumzi kumi na mbili kwa dakika nashukuru."

Alifika kumi na moja. Mzee alifumbua macho, safari hii bila kulia sana. Aliomba maji. Vestina alimlowesha midomo kwa pamba.

"Akimana."

"Nipo, data."

"Wageni wamekula?"

"Wamekula."

"Ile pombe ya Ininahazwe leo ilikuwa chungu. Sijawahi kuonja hivyo kwake. Nikaona aibu kuirudisha." Alipumzika. "Nilikunywa nusu. Chini kulikuwa na unga mzito, umeganda kama uji. Nikakiweka kibuyu nyuma ya kiti."

Kalamu ya Khatibu ilisimama juu ya karatasi.

"Nusu," alisema. "Na unga ukiwa chini, nusu iliyobaki ndiyo yenye dawa nyingi kuliko aliyokunywa. Hicho kibuyu kiko wapi?"

Akimana alimtazama kaka yake. Ndayisaba alitazama kalenda iliyokuwa ukutani, akaisoma kwa makini mno kwa mtu aliyejua tarehe.

"Kaka. Ulikimwaga?"

"Sikupata nafasi."

"Ulikifanya nini?"

"Baba mdogo alikiomba."

Akimana alitoa simu. Mkono wake ulikuwa imara. Vestina aliliona hilo, akaja kusimama karibu naye. Simu iliita mara nne. Nyuma ya sauti ya Ndayikeza zilisikika kelele za watu na mbuzi.

"Ndugu yangu vipi?" aliuliza Ndayikeza.

"Anapumua. Baba mdogo, kibuyu cha data kiko wapi?"

"Kipo. Kitupu."

"Nani amekimwaga?"

"Kimwagwe kwa nini? Tulimnywesha mwenyewe. Si ndivyo inavyofanywa? Aliyepika akisema pombe yake ni safi, anywe mbele ya watu. Kaka yako alinikabidhi kibuyu kabla hajaingia garini, akaniambia, mnywesheni mpaka tone la mwisho. Alikataa, tukamfunga pua. Hata alikuwa anauma vidole."

"Saa ngapi?"

"Gari lilipoondoka tu. Sasa yuko ghalani. Alitusumbua kwa makelele, baadaye akachoka. Vijana wanacheka huko, maana huyu mama anakoroma kama mwanamume."

Khatibu alimpokonya Akimana simu, akaweka sauti ya nje.

"Mimi ni dokta. Nisikilize. Mlazeni ubavu sasa hivi, mwiteni jina, mpigeni makofi kwenye nyayo, asiachwe kulala."

"Aamshwe? Dokta, hujui kelele za mwanamke huyu."

"Mzee wenu amezoea hii dawa, miezi minne kila siku, na nusu ya kibuyu kile ilimfikisha hapa akiwa hapumui. Huyo mama hajawahi kuimeza hata siku moja katika maisha yake. Ingia ghalani. Peleka simu mdomoni pake."

Walisikia hatua, komeo, mlango wa mbao. Vestina tayari alikuwa ameshavaa mkoba wake, na nje Saady alikuwa ameshasikia, maana injini ya Noah iliwaka. Nusu saa ya barabara.

Khatibu aliinua saa yake ya mkononi usawa wa macho.

Mkoromo wa kwanza ulitoka kwenye simu, mzito, wenye majimaji.

Sekunde kumi. Kumi na tano. Akimana alihesabu bila sauti, midomo ikicheza. Sekunde ya ishirini na sita ulikuja wa pili, mfupi kuliko wa kwanza.

Ishirini. Thelathini. Arobaini.

"Haya," ilisema sauti ya Ndayikeza, imeridhika. "Mnasikia? Sasa ametulia."